Makasha Yaliyotangulia

Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika salama, ingawa miguu imevimba kwa kukaa garini, na wifi yako ananicheka kwamba nimerudi na mafaili mengi kuliko nguo. Kabla ya yote, niwie radhi kwa nilivyofanya pale hospitalini kwenu. Nilikupa mkono nikakuita "Bi Mfamasia", kana kwamba hatukuwahi kulala kitanda kimoja utotoni tukigombania shuka. Nilikuona ulivyobana midomo usicheke. Lakini mkaguzi akianza kukumbatiana na watumishi aliokuja kuwakagua, kazi imeharibika hapo hapo. Sekretarieti inayosimamia ukaguzi wetu inajua nina dada aliyeolewa huko. Kwamba ndiye anayeshika funguo za dawa, hilo sikuwaambia. Hospitali za kutembelea zilichaguliwa na wizara yenu, na nilipoiona ya kwenu kwenye ratiba tulikuwa tumeshavuka mpaka. Nikajiambia, ni salamu tu.

Najua hujawahi kuielewa vizuri kazi hii, basi nikueleze kwa utaratibu. Nchi zetu jirani zimekubaliana kwamba kila serikali itoe ahadi chache za uwazi kwa wananchi wake, halafu jirani ndiye aje kuangalia kama zimetimizwa. Mwaka huu sisi tunawaangalia ninyi, mwakani ninyi mtatuangalia sisi. Ahadi niliyokabidhiwa mimi ni ya ubao: kila hospitali ya serikali iweke langoni ubao unaosema dawa ipi ipo na ipi haipo, ili mgonjwa ajue kabla hajapanga foleni.

Nami nimerudi na furaha. Kila nilikokwenda ubao ulisema insulini ipo, na nilipofungua jokofu nikaikuta. Hata jambo dogo lilinivutia: yale makasha ya baridi ya kubebea dawa ambayo kona yake imefungwa utepe wa kijani. Niliyakuta kwenu, nikayakuta na kwa wenzenu. Kwenye kikao cha kuagana nilisimama nikaipongeza wizara kwa utaratibu huo wa kuzuia makasha yasipasuke. Walipiga makofi sana.

Msalimie shemeji.

Kaka yako


Tarehe 11 Mei

Kaka, shikamoo,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za stoo. Nilipofika kwenye utepe wa kijani nilicheka mpaka mtunza stoo wetu, yule bwana wa makamo tunayemwita Mpole, akatoka kuangalia nimepatwa na nini. Nikamsomea na yeye. Hakucheka. Alisema tu, "Mama, huyu mzee wamemchezea." Ndipo kicheko kikanikauka.

Utepe ule niliufunga mimi, kaka yangu Bwana Vifungu vya Sheria. Kasha lilianguka likapasuka kona, nikaazima utepe kwa fundi umeme. Wizara haina utaratibu wowote wa utepe. Uliloliona kwetu na uliloliona kwa wenzetu ni kasha lile lile, na insulini ile ile ndani yake.

Unakumbuka ulipomaliza kwetu, Mganga Mkuu akakung'ang'ania unywe chai, kisha chai ya pili, kisha akuonyeshe picha za watangulizi wake ukutani? Ukadhani ni ukarimu. Huku nyuma gari la wagonjwa lilikuwa linapakia makasha kuwahi hospitali uliyokuwa unaelekea. Na huko nako ulipewa chai. Jokofu letu likabaki na chupa za maji ya kunywa ya wauguzi. Lakini ubao langoni unaendelea kusema IPO, kwa sababu Mganga Mkuu amepiga marufuku kuandika HAIPO mpaka ripoti yako itoke.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja na binti yake mwenye kisukari. Walikuwa wamepita hospitali nyingine njiani bila kusimama, kwa kuwa jamaa yao aliwatumia picha ya ubao wetu. Nilipomwambia insulini haipo, hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanivuta hadi langoni, akaweka kidole juu ya neno. "Dada, mimi nimesoma. Hebu na wewe nisomee hapa." Tuliwapakia kwenye gari la shemeji yako tukawakimbiza kwingine. Binti alifika amelegea kama kitambaa kilicholowa. Yu hai. Atakayekuja baada yake sijui.

Nimekuambia. Fanya unaloona ni haki. Ila usinipigie simu. Ninayotumia ni ya hospitali, na ofisi yangu siku hizi haikosi mtu aliyekuja kuazima kalamu. Mpe barua dereva wa basi kama kawaida yetu.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikifika kwenye ile chai nasikia uso unawaka. Mtu wa umri wangu, aliyefundisha sheria kwa watu ambao leo ni majaji, nimepongeza utepe!

Ningependa kurudi huko bila kuwataarifu. Siwezi. Makubaliano yetu yanaruhusu ziara moja tu, tena kwa mwaliko wa serikali inayokaguliwa. Unaweza kuona kasoro yake: mwenye nyumba ndiye anayechagua siku ya kufagia. Lakini bila sharti hilo serikali nyingi zisingetia saini, nasi tulisema heri kuanza na kidogo.

Nililoweza nimelifanya. Nimeongeza aya kwenye ripoti inayosema kwamba dawa zilihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kabla ya wakaguzi kufika, na kwa hiyo waliyoyaona si hali ya kila siku. Nimeandika kwamba nimeelezwa na mtu wa kuaminika aliye karibu na mambo. Basi. Sikutaja hospitali, sikutaja kazi ya mtu, wala sikusema ni mwanamke au mwanamume. Watumishi wenye kujua jambo hili ni wengi, na hakuna atakayekuhisi wewe.

Lala usingizi.

Kaka yako


Tarehe 2 Juni

Kaka, shikamoo,

Huku kwema. Kazi zinaendelea. Mpole yuko nyumbani anapumzika kidogo, kwa hiyo stoo naiangalia mwenyewe.

Nina swali moja tu. Mtu wa kawaida, asiye mkaguzi wala afisa wa serikali, akitaka kuiandikia Sekretarieti yenu moja kwa moja, anaruhusiwa? Na barua yake inasomwa na nani?

Mdogo wako


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Swali zuri, na nimefurahi kwamba umeanza kuvutiwa na mambo haya. Ndiyo, anaruhusiwa. Mwananchi yeyote wa nchi zilizotia saini anaweza kuandika, mradi aweke jina lake na mahali anapokaa. Barua hiyo hupewa namba, hutundikwa kwenye tovuti ya Sekretarieti watu wote waisome, na serikali inayohusika hupewa nafasi ya kujibu. Tena kwenye mkutano mkuu kuna kikao cha wazi ambapo mwananchi anaweza kusimama akasema kwa dakika chache. Mimi ndiye niliyepigania kikao hicho. Wenzangu walikiona kama mchezo wa kuigiza.

Kwa upande wetu yamebaki mambo madogo madogo ya uandishi. Wizara yenu imejibu ripoti, majibu ya kawaida tu.

Mwambie Mpole apumzike vizuri. Nilimpenda. Alinishikia mlango wa jokofu muda wote na kunitania kwamba nikiendelea kuchungulia nitatoka na mafua.

Kaka yako


Tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuficha jambo, na sasa kwa kuwa limekwisha naweza kukuambia.

Majibu ya wizara yenu hayakuwa ya kawaida. Waliandika hivi: kanuni za mapitio zinasema kila hoja itaje chanzo chake, na isiyo na chanzo iondolewe, kwa hiyo wanamtaka mkaguzi amtaje huyo mtu wa kuaminika. Kanuni hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu. Niliiandika ili serikali jirani zisije kuchafuana kwa uvumi, na bado naamini ni kanuni njema. Nilijitetea kwamba kasha lenye utepe nililiona kwa macho yangu katika hospitali zaidi ya moja. Wakanirudishia hotuba yangu mwenyewe: "Mkaguzi alilipongeza jambo hili hadharani kuwa ni utaratibu wa wizara." Sasa wanasema kweli ni utaratibu wao. Nasikia wameshaagiza utepe.

Sekretarieti ikanipa hadi Ijumaa: nikutaje au niiondoe aya. Ningekutaja ungefukuzwa kazi, tena ukiwa umebakiza muda mfupi ustaafu. Baba alipofariki aliniachia kazi moja tu juu yako, na unaijua.

Nimeiondoa aya. Nimeandika kwamba baada ya kutafakari sina ushahidi wa kutosha. Kalamu ilikuwa nzito, lakini sasa uko salama, na hakuna atakayekuuliza lolote.

Nisamehe kwa yule mama wa langoni. Tutatafuta njia nyingine.

Kaka yako


Tarehe 18 Juni

Kaka, shikamoo,

Mpole hapumziki. Nilikudanganya.

Ripoti yako ilipofika wizarani walikuja watu wa utawala kutafuta nani amesema. Wakakumbuka nani alicheka na wewe mbele ya jokofu. Amesimamishwa kazi bila kuulizwa mara mbili. Anajua ni mimi. Nilimsomea barua yako mwenyewe pale kwenye ngazi. Walipomhoji akasema hajui chochote, akakabidhi funguo, akaenda nyumbani. Nimemtembelea. Mkewe alinikaribisha kiti, akarudi jikoni. Nilipoaga, Mpole alinisindikiza hadi barabarani akasema, "Mama, usijitaje. Wewe una mengi ya kupoteza." Mtu ambaye ameshapoteza!

Kwa hiyo nimefuata maelezo yako. Leo nimeiandikia Sekretarieti, na nakala nimeipeleka wizarani. Nimeeleza makasha, gari la wagonjwa, chai na ubao. Nimesema chanzo cha aya ile ya ripoti ni mimi, si mtunza stoo. Na nimesema mkaguzi ni kaka yangu wa tumbo moja, maana wangeligundua baadaye wakasema tulificha.

Sikukuomba ruhusa. Ungenijibu kwa kurasa nyingi, na mwisho wa kurasa ungeniambia nisubiri. Aya yako na barua yangu sasa zinashikana mkono. Hawawezi kuzitenganisha. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita nimekula chakula nikasikia ladha.

Mdogo wako


Tarehe 25 Juni

Kaka,

Barua zetu zilipishana mpakani. Huenda zilikaa kwenye mabasi mawili yaliyopigiana honi.

Wizara imenijibu. Nakunakilia sentensi moja uione: "Mkaguzi mwenyewe, ambaye mtoa taarifa anakiri kuwa ni kaka yake, ameiondoa hoja hii kwa kukosa ushahidi." Umeelewa? Kaka yangu ameniambia mbele ya nchi zote kwamba mimi ni mwongo, halafu akaniandikia kwamba niko salama.

Nimesimamishwa kazi. Mpole bado yuko nje. Sasa wanasema tulipanga wawili. Kamati ya nidhamu itakaa juma linalofuata mkutano wenu mkuu. Watu wananiuliza swali moja tu. Shemeji yako ameniuliza, jirani ameniuliza, hata Mganga Mkuu ameniuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Lakini kaka yako alisemaje?"

Mimi si yule mtoto wa kuvushwa barabara. Nina nywele nyeupe. Uliniona nimeweka uzito wangu kwenye ngazi, ukaiondoa kwa kuniogopea nisianguke.

Usiniandikie mimi. Mimi tayari najua ukweli. Kawaambie wao.

Mdogo wako


Tarehe 4 Julai

Mdogo wangu,

Uliniambia nisikuandikie, na nimetii hadi leo. Naandika kwa kuwa kuna karatasi unayoihitaji kabla kamati haijakaa.

Mkaguzi akishaondoa hoja hana ruhusa ya kuirudisha. Hiyo pia ni kanuni, na safari hii sitakueleza sababu yake. Asubuhi ya mkutano mkuu nilikwenda mezani kwa Sekretarieti, nikavua kitambulisho, nikakabidhi barua ya kujiuzulu, kisha nikaenda kusimama kwenye foleni ya kipaza sauti pamoja na wananchi. Mwenyekiti tunajuana miaka mingi. Aliinama akaninong'oneza, "Mzee, umekosea mstari. Huu ni wa wananchi." Nikamwambia, "Ndiyo. Leo nami ni mmoja wao."

Mbele yangu alikuwa mwalimu akilalamikia vitabu. Mimi nimezungumza kwenye kumbi maisha yangu yote. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno machache kuliko siku zote. Nilisema: Aya niliyoiondoa ilikuwa ya kweli. Sikuiondoa kwa kukosa ushahidi. Niliiondoa kwa sababu aliyenieleza ni dada yangu, na niliogopa. Uhusiano wetu nilipaswa kuueleza siku nilipoiona hospitali yake kwenye ratiba. Sikuueleza. Kosa hilo ni langu, si lake, wala si la mtunza stoo aliyeadhibiwa bila kosa lolote.

Mjumbe wa wizara yenu akaruka juu. "Kwa hiyo ripoti nzima imeandikwa na ndugu wa mtumishi!" Nikasema ndiyo. "Basi ifutwe yote!" Nikasema naunga mkono.

Nadhani hakutegemea hilo. Alibaki amesimama, mkono mmoja hewani.

Wameifuta. Kazi yangu ya mwaka mzima, yenye kweli nyingi pamoja na utepe wangu, imekwenda na maji. Baada ya mabishano wakakubaliana kwamba nchi ya tatu ifanye mapitio upya, na safari hii wakaguzi wasitoe taarifa. Serikali kadhaa zilipinga, ya kwetu ikiwa mbele, maana waliona kwamba mlango ukifunguliwa kwenu utafunguliwa kwa wote. Waliridhia kwa shingo upande. Lini watakuja sijui, wala sitakiwi kujua.

Ndani ya bahasha hii kuna kumbukumbu ya kikao yenye muhuri. Maneno yangu yote yamo, na ya mjumbe wenu pia. Ipeleke mbele ya kamati. Sijui kama itakuokoa. Dereva nimemwomba akukabidhi mkononi, asiiache kwa mtu.

Kaka yako


Tarehe 30 Agosti

Kaka, shikamoo,

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa bado nina hasira, na nilitaka iishe yenyewe. Imepungua.

Kamati ilisoma ile kumbukumbu kwa sauti. Mpole amerudishiwa kazi. Mimi wamesema nilifanya kosa la kuwasiliana na mkaguzi kwa siri, na nimekubali, maana ndivyo ilivyokuwa. Wameniondolea ukuu wa famasia. Sasa nagawa dawa dirishani chini ya binti niliyemfundisha mwenyewe kuhesabu vidonge. Ananiamkia kila asubuhi kisha ananipangia kazi huku anaangalia viatu vyake. Nitastaafu nikiwa hapo dirishani. Inauma, sitasema haiumi, hasa siku ya mshahara na siku ya vikao.

Wakaguzi wapya walikuja kwa teksi. Walipanga foleni kama wagonjwa, mwanamume na mwanamke, na hakuna aliyewajua. Walipofika dirishani waliniuliza insulini. Nikawaambia haipo. Yule mwanamke akasema mbona ubao unasema ipo? Nikaona amevaa saa ya gharama na viatu vya mkutanoni, nikamwita Mpole. Alifungua jokofu akawaonyesha maji ya wauguzi. Mganga Mkuu alitoka mbio kuwakaribisha chai. Wakakataa! Kaka, ungeona uso wake. Amebaki na cheo chake, usidhani kaondolewa, lakini marufuku ya kuandika HAIPO imekwisha.

Kwa hiyo siku hizi ubao wetu ni wa aibu. HAIPO, HAIPO, halafu IPO moja ya dawa ya minyoo. Watu wanatutukana langoni kabla hata hawajaingia. Juzi baba mmoja alisoma, akaniambia mimi na hospitali yangu na serikali yangu wote ni bure kabisa, kisha akageuka akawahi gari lile lile lililomleta, likampeleka kunakopatikana. Nilimtazama mpaka gari lilipokata kona.

Sasa sikia. Mwakani ni zamu ya kwenu. Umesema serikali yako ndiyo ilipinga kwa nguvu kuliko zote ziara za ghafla, na nimejiuliza kwa nini, na sipendi jibu ninalolipata. Wewe si mkaguzi tena. Hakuna atakayekupa chai. Chukua fimbo yako, mwambie wifi akusindikize, mwende mkasome ubao wa hospitali ya hapo kwenu. Kisha ingieni ndani, mpange foleni, muulize.

Usinieleze kanuni. Niandikie mlichokikuta.

Mdogo wako